Mkono wa Fundi Mganga

Jina lake halisi lilikuwa kwenye orodha ya waajiriwa tu. Karakanani sote tulimwita Mganga, na jina hilo alilipata siku bolti ilipokatikia ndani ya injini ya tingatinga ikabaki kisiki, haishikiki kwa koleo wala kwa spana. Mafundi watatu walikuwa wameshaitolea jasho tangu asubuhi. Mmoja alitaka kuitoboa, mwingine alitaka kuipiga patasi, wa tatu alikuwa anatukana tu. Yeye akaja na kikombe cha chai, akainama, akatazama, akaomba nati. Akaiweka nati juu ya kile kisiki, akachomelea ndani ya tundu lake mpaka vikawa kitu kimoja, halafu akaketi kwenye tairi bovu akanywa chai yake.

"Vipi, umechoka?" wakamuuliza.

"Nasubiri kipoe. Chuma ni kama mtu mwenye hasira. Ukimshika akiwa bado moto, mtagombana."

Chai ilipokwisha akatia spana, akazungusha polepole. Bolti ikatoka ikilia kama mlango mkavu. Dereva wa kijiko, yaani ule mtambo wenye mkono mrefu na ndoo ya meno, alikuwa amesimama pale. Alikuwa mwembamba mwenye kichwa kikubwa, tukimwita Kibiriti. Akasema, "Huyu si fundi, jamani. Huyu mganga." Likamkaa.

Mimi nilikuwa mtunza stoo wa machimbo yale ya mawe. Miaka kumi na minne nilikaa nyuma ya dirisha lenye nondo, natoa spana asubuhi na kuzipokea jioni, na kwa dirisha hilo nilimwona Mganga kila siku ya kazi. Karakana yenyewe ilikuwa paa la bati juu ya nguzo za chuma, ukuta upande mmoja, na sakafu iliyolowa mafuta mpaka ukitembea viatu vinabusu chini. Vumbi la kokoto lilikuwa kila mahali. Ukifungua daftari asubuhi, lazima kwanza ulipulize.

Hakuwa na cheti. Alianza kwa kuosha vyuma kwa dizeli, akakaa miaka, akajua. Kila kitu kilikuwa mikononi mwake, hasa ule wa kulia. Alikuwa akiweka kiganja juu ya sanduku la gia linalozunguka, anafumba macho, anakwambia ni beringi ipi inayokufa. Pini nene ikikataa kuingia kwenye tundu lake, aliilaza kwenye pipa la barafu, akalipasha tundu moto kwa gesi, na pini iliyokuwa ikipigwa nyundo tangu jana ikateleza ndani kama mguu kwenye kiatu kipana. Beringi ndogo ikikwama ndani ya shimo lisilo na mlango wa nyuma, alijaza sabuni iliyolowa katikati yake, akagonga kwa kipande cha chuma kinacholingana, sabuni ikakosa pa kwenda, ikaisukuma beringi nje. Mara ya kwanza kuona hivyo nilidhani ni kiinimacho.

Mbinu zake hakuzigawa ovyo. Alikuwa na wivu nazo kama mtu mwenye kisima uani. Ukimuuliza alikwambia nusu, nusu nyingine ukaitafute mwenyewe. Mbinu moja tu aliigawa bure, kwa kila mgeni, siku ya kwanza, hata kabla hujaonyeshwa choo kilipo.

"Mpira wa haidroliki, bomba hili la mafuta ya presha, ukivuja na huoni pa kuvujia," alikuwa akisema, "usiutafute kwa mkono. Chukua kipande cha boksi, kifunge kwenye fimbo, pitisha kando ya mpira. Boksi likitoboka, umepaona. Yale mafuta yananyanyua mawe ya tani nzima. Yakipata tundu la kadiri ya ncha ya sindano yanakata kuliko wembe. Yanaingia chini ya ngozi bila hodi, na hayaumi. Hayaumi! Ndiyo ubaya wake."

Tulizoea hotuba ile mpaka Kibiriti alikuwa akiikariri kwa sauti yake, na mwenyewe anacheka.

Siku ya tukio ilikuwa katikati ya wiki. Kijiko kilipoteza nguvu, mkono wake ukawa unanyanyuka kama wa mgonjwa, na hewa kando ya mtambo ilikuwa na ukungu wa mafuta. Malori tisa yalikuwa yamepanga foleni. Msimamizi alikuwa anatembea huku na huku akipiga simu, na kila akikata simu moja anampigia kelele mtu aliye karibu. Saa nne asubuhi Mganga alikuja dirishani kwangu.

"Nipe boksi."

Maboksi nilikuwa nimempa mama wa chai akawashie jiko. Asubuhi ileile. Yalikuwa yamejaa kwenye kona, yananizibia njia, na yeye aliomba vizuri.

"Yamekwisha," nikamwambia. "Labda mchana, kuna vichujio vinakuja na maboksi yake."

"Mchana?" Akageuka kumtazama msimamizi, akayatazama malori. "Haya basi."

Akaenda zake. Mimi nilikuwa na mbao nyuma yangu, nilikuwa na kipande cha bati, nilikuwa hata na jalada gumu la daftari la zamani. Sikufikiri. Alivyosema haya basi, niliona ndiyo yamekwisha.

Hata robo saa haikupita, akarudi ameubana mkono wa kulia kwapani.

"Una plasta?"

"Umefanyaje?"

"Waya. Mpira umechakaa, waya zake zimetoka nje, moja imenichoma." Akanionyesha. Kwenye ncha ya kidole cha shahada palikuwa na kidoti, kidogo kuliko alama ya kuumwa na mbu. Hata damu haikutoka. Nilimpa plasta, na kwa kuwa ilikuwa sheria, nikafungua daftari la ajali. Kalamu ikasimama. Nilijua alikuja kuomba boksi na nilijua hakupata. Nikainua macho, naye akanitazama moja kwa moja usoni, akasema polepole, "Andika waya."

Nikaandika waya.

Mpira aliubadilisha yeye mwenyewe, kwa mkono uleule. Malori yakapakiwa. Msimamizi akampiga bega akamwita simba. Saa tisa alasiri kidole kilikuwa kimeanza kuvimba, na Kibiriti akamshika kwa nguvu wakaenda zahanati iliyo nje ya lango. Kibiriti ndiye aliyenisimulia. Muuguzi aliuliza, "Umechomwa na nini?" na Mganga akamtupia Kibiriti jicho, akajibu, "Waya." Muuguzi akakisafisha, akamchoma sindano ya pepopunda, akampa vidonge vya maumivu. Alifanya kilichompasa kwa alichoambiwa. Wakati wanatoka Mganga alikuwa akitania kwamba sindano ya muuguzi imeuma kuliko waya.

Kesho yake hakuja. Hilo peke yake lilitosha kututia wasiwasi, maana mtu huyu alikuja kazini hata siku ya msiba wa mama mkwe wake, akafunga pampu, ndipo akaenda kuzika. Keshokutwa, kabla ya saa mbili, mkewe alisimama dirishani kwangu. Alikuwa mama mfupi, mpole, mshona nguo, na nilikuwa sijawahi kumwona akiwa hana kitambaa kichwani. Siku ile hakuwa nacho.

"Shemeji," akasema, "niambie ukweli."

"Yuko wapi?"

"Hospitali kubwa, tangu jana jioni. Mkono umevimba mpaka hapa." Akashika kiwiko chake. "Vidole vina rangi ya zambarau. Daktari anauliza, kila akiuliza jibu ni waya, waya, waya. Mimi nimeishi na yule mtu miaka ishirini na miwili. Akisema uongo huwa hanitazami. Shemeji, ni nini kilimchoma?"

"Sidhani ni waya," nikasema. "Nadhani ni mafuta. Alikuja kuomba boksi, sikuwa nalo."

Hakuelewa habari ya boksi, wala hakuuliza. Alinishika mkono kupitia nondo akasema, "Twende ukamwambie."

Tulimkuta daktari kwenye korido, kijana mwenye macho ya usingizi. Nilipotaja mafuta ya presha alisimama kama mtu aliyeitwa na polisi.

"Presha kiasi gani?"

"Ya kunyanyua jiwe la tani mbili."

"Lini?"

"Juzi, saa nne asubuhi."

Alihesabu kwa vidole, kisha akasema, "Mngekuja siku ileile, saa ileile, mkasema hivyo, tungempasua tukayaosha yatoke." Halikuwa karipio. Ilikuwa kama mtu anayejisemea mwenyewe. Akaondoka mbio.

Walipompasua walikuta mafuta yamefuata kano kutoka kidoleni mpaka ng'ambo ya kifundo cha mkono, na kila yalipopita nyama ilikuwa imekufa. Walisafisha mara mbili. Mara ya tatu waliukata mkono, chini kidogo ya kiwiko.

Nilikuwepo mkewe alipomuuliza. Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, anamlisha uji kwa kijiko, na aliuliza bila kupandisha sauti, kama anayeuliza chumvi iko wapi.

"Kwa nini hukusema, baba?"

Mganga alimeza kwanza. "Ningesema nini? Kwamba Mganga ametia mkono? Mbele ya Kibiriti?"

"Na daktari? Kibiriti hakuwepo."

Alitazama dari. "Ukishasema mara ya kwanza," akasema, "ya pili inajisema."

Mkewe akaendelea kumlisha. Uji ulikuwa ukimdondoka kidevuni na yeye akimfuta kwa kidole gumba, na mimi nikatoka nje, maana sikuwa na mahali pa kuweka macho.

Wenzetu walipokwenda kumtazama, mmoja wa wachomeleaji, mtu mwema asiye na breki mdomoni, alisema, "Ndiyo wahenga walivyosema, mganga hajigangi." Mganga ndiye aliyecheka wa kwanza. Alicheka sana, alicheka mpaka muuguzi akaja.

Baada ya miezi mitatu alirudi kazini. Msimamizi, nadhani dhamiri ilikuwa ikimuuma naye, alisema Mganga asimame tu awaelekeze wengine. "Kichwa chake kipo," alisema. "Mikono ataazima." Sote tuliona ni maneno ya busara.

Siku ya kwanza ya maana ilikuwa pini ya ndoo ya kijiko. Fundi mpya alikuwa hodari, mwenye cheti na haraka zake. Barafu ilikuwa tayari, moto wa gesi unawaka kwenye tundu, na Mganga kasimama kando.

"Bado," alisema Mganga. "Bado. Bado."

"Nitajuaje?" fundi akauliza.

"Utasikia."

"Nitasikia nini?"

"Ukiweka mkono karibu. Siyo juu yake, karibu. Joto linakuwa…" Akainua bega la kulia. Kile kipande cha mkono kikapanda ndani ya shati kikaelekea kwenye moto, kikaishia hewani. "Linakuwa zito. Halafu linalegea. Hapo ndipo."

"Linalegea vipi?"

"Sijui kusema vipi! Nilikuwa najua kwa kiganja!"

Fundi akachoka kungoja, akatia pini. Ikaingia nusu, ikakaba. Akaipiga nyundo, ikakaba zaidi, na bushi, ile pete ya chuma iliyo ndani ya tundu, ikapasuka kwa sauti ambayo niliisikia mpaka stoo. Hakuna aliyemlaumu Mganga. Ingekuwa afadhali wangemlaumu. Alienda nyuma ya karakana, kwenye rundo la mashine zilizokufa, akakaa huko mpaka king'ora cha mchana.

Mimi nikapata wazo. Nilimwambia, "Kaa hapa stoo, wewe sema, mimi niandike. Mbinu zote. Tuziweke kwenye daftari, zisipotee." Alikubali. Kwa siku tatu, wakati wa mapumziko, aliongea nami nikaandika: namna ya kuutafuta ufa kwa kupaka mafuta ya taa, kufuta, kisha kupaka unga wa chaki ili ufa ujichore wenyewe; namna ya kusikiliza injini kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye chuma na mpini sikioni. Siku ya tatu akaniambia, "Soma nilivyokwambia ya beringi na sabuni." Nikasoma. Akasikiliza ameinamisha kichwa.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Hiyo siyo," akasema.

"Ndivyo ulivyosema, neno kwa neno."

"Najua nilivyosema. Siyo." Akanyoosha mkono wa kushoto, akalichukua daftari, akabana kwa goti, akachana kurasa zile moja moja. Hakuwa na hasira. Alichana kama mtu anayepalilia.

Kitu kimoja kilimbakia kufanya, na alikifanya Jumatatu moja asubuhi, tulipokusanyika kabla ya kazi. Aliomba nafasi. Akasimama mbele ya watu arobaini akasema: "Sikuchomwa na waya. Nilitafuta uvujaji kwa mkono, mashine ikiwa inaunguruma. Niliona aibu kusema. Kama ningesema, ningekuwa na mkono." Akapandisha mkono wa shati, akaonyesha. Hakusema habari ya boksi nililomnyima. Nilisubiri aseme. Nilitamani aseme.

Watu walisikiliza, wengine wakafuta macho. Msimamizi akamshukuru. Mtu mmoja nyuma akauliza kama leo kuna dizeli ya kutosha, tukatawanyika.

Wiki mbili hazikwisha. Kijiko kikaanza kutoa ukungu tena, upande mwingine, malori yamepanga, msimamizi yuko kwenye simu. Mganga alikuwa akivuka uwanja, akamwona Kibiriti ameinama kando ya mtambo unaounguruma, anapapasa mpira kwa kiganja kitupu, kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayempapasa ng'ombe. Kibiriti yule aliyekuwa akiikariri hotuba. Kibiriti aliyekuwepo zahanati.

Mganga hakupiga kelele. Alikimbia. Alimvuta ukosi kwa nyuma akamwangusha, kisha akampiga kwa mkono wa kushoto, usoni, mara tatu au nne, mpaka tukafika na kuwaachanisha. Kibiriti alikuwa anatoka damu puani.

"Umeniona mimi!" Mganga alikuwa akilia. "Umeniona! Unataka uone nini tena?"

Kibiriti alijifuta kwa mkono wa shati. Moyo ulimuuma kuliko pua. "Kaka," akasema, "nilikuwa nagusa tu kidogo. Machungu ya mkono wako usinimalizie mimi."

Kupigana kazini ni kufukuzwa. Hilo lilikuwa limebandikwa mlangoni kwa herufi nyekundu, na dereva alikuwa na jeraha usoni lililoshonwa nyuzi nne. Msimamizi alimwita Mganga ofisini. Alipotoka alipita dirishani kwangu kurudisha ufunguo wa kabati lake. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilitaka kumwambia kwamba siku ile nilikuwa na bati, nilikuwa na jalada la daftari. Nikapokea ufunguo, nikatia sahihi kando ya sahihi yake aliyoitia kwa mkono wa kushoto, mwandiko wa mtoto wa darasa la kwanza. Akasema, "Uwe salama." Nikasema, "Nawe pia."

Kibiriti mpaka leo anaendesha kijiko. Ana mikono yake yote miwili. Siku ile uvujaji haukuwa pale alipopapasa.

Nilikwenda kumtembelea Mganga mara moja. Wanakaa vyumba viwili nyuma ya duka la rangi. Chumba cha mbele ni cha cherehani na vitambaa, na yeye alikuwa kwenye kiti karibu na ukuta, amevaa shati lililopigwa pasi vizuri, mkono wa kulia wa shati umekunjwa na kubanwa kwa pini. Amenenepa unene mbaya, ule wa kukaa. Mkewe alizima cherehani ili tuzungumze.

Nilijidai nina swali. Nilidhani swali litamwamsha. "Bwana, tuna nati kwenye mashine ya kusaga kokoto, imeshika kutu, hata moto haiusikii. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni anayeuliza njia ya mtaa usioufahamu.

"Sikumbuki," akasema.

"Ile ya nta ya mshumaa? Unaipasha, halafu…"

"Sikumbuki, ndugu yangu. Kunywa chai."

Nikanywa chai. Alinywa yake kwa mkono wa kushoto, bila kumwaga hata tone, amejifunza hilo. Aliniuliza habari za watoto, nikamjibu. Aliniuliza kama mvua imenyesha kule machimboni, nikamwambia bado. Nilipoaga hakusimama.

Mkewe alinisindikiza mpaka penye lami. Alikuwa na sindano mbili zimechomekwa kifuani na uzi mweupe ukining'inia, na alitembea akitazama chini. Tulipofika barabarani akasimama.

"Shemeji, usinielewe vibaya," akasema. "Umefanya vizuri kuja. Lakini akija mtu wa kazini, ukishaondoka huwa hali chakula siku mbili. Ananyamaza tu. Mimi nashona, yeye ananyamaza. Kwa hiyo…"

Nikamwambia nimeelewa. Akanishukuru, akarudi ndani, na kabla sijavuka barabara nilisikia cherehani ikianza tena. Sijaenda tangu siku hiyo.